FreeCAD 1.0 na asembli zilizoletwa kutoka programu nyingine: tathmini ya benchi la Assembly

Faili la asembli, yaani kifaa cha vipande vingi vilivyopangwa pamoja, linapoletwa kutoka programu nyingine ya usanifu, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba kila kitu kipo mahali pake. Bolti imo ndani ya tundu lake, beringi imekaa kwenye shafti, na mkono wa kibano umesimama kwa pembe ileile ambayo msanifu aliuacha nayo. Jambo la pili huonekana pale tu unapoushika mkono huo kwa kipanya na kuuvuta: mkono unatoka peke yake, pini inabaki ikielea, na kifaa kilichoonekana kizima kinageuka kuwa rundo la vipande vilivyopangwa vizuri, kwa maana hakuna kipande kinachojua kwamba kimeungana na kingine.

Tathmini hii inahusu kazi ya kuvirudishia vipande hivyo viungo vyake ndani ya FreeCAD, toleo la 1.0, lililotolewa Novemba 2024. Nimeipima programu hii kwa kazi hiyo moja, bila kugusa sana uchoraji wa kipande kimoja kimoja au utoaji wa michoro ya karakana, kwa sababu toleo hili ndilo la kwanza kuja na benchi (yaani kundi la zana za kazi moja) lake lenyewe la asembli, liitwalo Assembly, na kwa sababu ninaamini kwamba programu ya CAD, yaani ya usanifu kwa kompyuta, hujulikana ubora wake inapopokea kazi ya mtu mwingine kuliko inapoanza na ukurasa mtupu. Vifaa nilivyotumia ni vitatu, na vyote nilivipokea kama mafaili ya STEP, muundo wa kubadilishana modeli kati ya programu nitakaoueleza hapa chini: kibano cha wenzo kinachofungwa kwa mkono, meza ndogo inayoteleza juu ya reli mbili ikisukumwa na skrubu, na mkono wa roboti wenye mihimili sita.

Kwa asiyeifahamu, FreeCAD ni programu huria iliyoanza mwaka 2002, hutumika bila malipo kwenye Windows, macOS na Linux, na jiometria yake husimamiwa na kiini kiitwacho Open CASCADE. Kwa miaka mingi aliyetaka kuunganisha vipande ndani yake alilazimika kuongeza kiendelezi kilichotengenezwa na watumiaji wenyewe. Kulikuwa na A2plus, Assembly3 na Assembly4, na kila kimoja kilikuwa na mtazamo wake: Assembly3 ilitegemea kikokotozi (sehemu inayohesabu mahali pa vipande kufuatana na viungo vyake) cha programu ya SolveSpace, ilhali Assembly4 ilipanga vipande kwa kulinganisha mifumo ya mihimili (nukta ya sifuri pamoja na mielekeo yake mitatu) iliyowekwa ndani ya kila kipande. Viungo vilivyofungwa kwa kiendelezi kimoja havikuwa na maana kwa kingine, na aliyebadili njia alianza upya. Benchi jipya limekuja na kikokotozi chake, kilichoendelezwa chini ya kampuni ya Ondsel. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2024, lakini msimbo ulikuwa wazi tangu awali na umebaki mikononi mwa mradi.

Kabla ya kusema lolote kuhusu ubora wa benchi hili, ni haki kueleza viungo hupotelea wapi, kwa sababu watumiaji wengi huilaumu programu inayopokea ilhali kosa haliko kwake. STEP ni kiwango cha kimataifa, ISO 10303, ambacho sehemu zake za kwanza zilitolewa mwaka 1994, na faili lake ni maandishi matupu ambayo mtu anaweza kuyafungua kwa kihariri chochote na kuyasoma mstari kwa mstari. Ndani yake mna nyuso na kingo za kila kipande, mna mti unaosema kipande gani kimo ndani ya kipi, mna vipimo vilivyotajwa pamoja na kizio chake (jambo ambalo faili la STL, muundo mwingine wa modeli za pande tatu, halina kabisa), na kwa kila kipande kinachotumika mna mahali na mwelekeo wake. Kiwango hiki kina matoleo ya matumizi mbalimbali, yanayotajwa kwa herufi AP na namba. Toleo la AP214 liliongeza rangi na tabaka, na AP242, lililotoka mwaka 2014, likaunganisha AP203 na AP214 na kuongeza maelezo ya utengenezaji yanayoshikamana na modeli. Kiwango chenyewe hakikuusahau mwendo: sehemu yake ya 105 inahusu kinematiki, yaani elimu ya mwendo, na AP242 ina nafasi ya kuibeba. Hata hivyo programu za kila siku, zinapoandika faili la STEP, huandika mahali vipande vilipo na kuviacha viungo nyuma. Kinachofika kwa mpokeaji ni picha ya kifaa katika dakika moja ya maisha yake.

Hatua ya kuleta faili yenyewe FreeCAD huifanya vizuri. Mti wa asembli hubaki na ngazi zake, rangi hubaki, na kipande kilichorudiwa mara nyingi, kama vile bolti ishirini za aina moja, kinaweza kuletwa kama kipande kimoja chenye viungio ishirini vinavyokirejelea, badala ya nakala ishirini zinazojaza kumbukumbu ya kompyuta. Ninashauri mtu asipitie dirisha la mipangilio ya kuleta faili kwa haraka. Chaguo la kuunganisha vipande vyote kuwa umbo moja huufanya uonyeshaji kuwa mwepesi, lakini pia hufuta mpaka kati ya kipande na kipande, na mpaka huo ukishafutwa hakuna cha kuunganisha tena.

Kazi inayofuata haipendezi, lakini ndiyo inayoamua kama saa mbili zijazo zitakuwa za raha au za taabu: kutoa majina. Mafaili mengi hufika yakiwa na vipande vilivyoitwa kwa namba tupu za ghala au kwa neno lilelile lililofuatiwa na tarakimu, na mtu anayeanza kufunga viungo akiwa na mti wa namna hiyo atafunga kiungo kwenye kipande kisicho chake, kisha atatafuta kosa asilone. Mimi huanza na vipande vinavyobeba mwendo, navipa majina ya kazi yake, kama vile msingi, mkono, kiungo kifupi na taya, kisha naviacha vingine jinsi vilivyo. Wakati huohuo naondoa bolti zilizochorwa nyuzi zake zote, kwa sababu nyuzi za skrubu ni nyuso zilizopinda ambazo huilemea kadi ya picha bila kuongeza chochote kwenye mwendo.

Baada ya majina huja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kazi nzima, nalo ni kuamua vipande vipi ni mwili mmoja. Kifaa cha vipande arobaini mara nyingi kina miili minne au mitano tu inayosogea. Vilivyobaki ni bolti, washa, vifuniko na beringi zinazosafiri pamoja na mwili fulani. Mgeni wa programu hizi hukimbilia kufunga kila bolti kwa kiungo thabiti, na baada ya muda kidogo ana viungo thelathini na tano ambavyo havina kazi nyingine ila kukichosha kikokotozi. Benchi la Assembly linamruhusu mtu afanye jambo la busara zaidi: vipande vikiwekwa ndani ya chombo kimoja cha sehemu, kikokotozi hukihesabu chombo hicho kama mwili mmoja usiopinda, na mahali pa kila kipande ndani yake hubaki jinsi faili lilivyopaleta. Hapo ndipo mti ulioletwa na STEP unapokuwa baraka au mzigo. Aliyetuma faili akiwa amepanga vipande vyake kwa jinsi vinavyosogea, kazi imekwisha nusu. Akiwa amevipanga kwa jinsi vinavyonunuliwa, yaani bolti zote katika kundi moja na beringi zote katika lingine, itabidi kuufumua mti na kuusuka upya, na wakati wa kuhamisha vipande kutoka chombo kimoja hadi kingine ni lazima kuangalia kwamba mahali pake hapakubadilika, kwa sababu mahali pa kipande hupimwa kutoka kwenye chombo kilichokibeba.

Lipo pia jambo la upande wa pili ambalo humshangaza anayeanza. Asembli iliyoletwa na kuingizwa yote kwa pamoja ndani ya asembli mpya husogea kama jiwe moja, kwa sababu chombo chake cha juu kimekuwa mwili mmoja. Vipande vya ndani havitapokea viungo mpaka vitolewe na kuwekwa moja kwa moja chini ya asembli. Nilitamani onyo fupi litokee hapo, kwa sababu mtumiaji huona viungo vyake vinakataa bila kuelewa kwa nini, na jibu liko ngazi moja juu ya mahali anapotazama.

Viungo vyenyewe vimechaguliwa kwa ufahamu wa mitambo. Unaanza kwa kukikita kipande kimoja, kwa kawaida msingi, ili dunia ya asembli iwe na mahali pa kusimama. Kisha kuna kiungo thabiti, cha kuzunguka, cha silinda, cha kuteleza na cha tufe, vikifuatiwa na vya umbali, usambamba, usulubi (pembe ya mraba) na pembe, na mwishoni vile vinavyofunga mwendo mmoja na mwingine: gia, mkanda, skrubu, na gia inayokimbia juu ya reli ya meno. Mwili usiofungwa una njia sita za kusogea, yaani tatu za kwenda na tatu za kuzunguka. Kiungo cha kuzunguka huacha moja, cha kuteleza moja, cha silinda mbili na cha tufe tatu. Hesabu hii ndogo ni ya lazima, na nitairudia nikifika kwenye kibano.

Kiungo huwekwa kwa kuchagua mahali pawili, kila kimoja kwenye mwili wake, na programu hujenga mfumo mdogo wa mihimili kwenye kila mahali ulipopachagua: katikati ya duara, kwenye kipeo, au kwenye uso. Hapo ndipo asembli iliyoletwa inapotofautiana na ile unayoijenga mwenyewe. Unapojenga, unataka kipande kisogee kikakutane na mwenzake. Unapopokea, kipande tayari kiko mahali sahihi na hutaki kisogee hata kidogo. Lakini kiungo cha kuzunguka hulazimisha vitovu vya mifumo yote miwili vikutane, kwa hiyo ukichagua duara la mbele la pini na duara la nyuma la tundu, mwili utaruka kwa urefu wote wa pini na asembli yako itaharibika mbele ya macho yako. Dawa ni mbili: kuchagua maduara yaliyo kwenye bapa moja, au kutoa kipimo cha kusogeza kinacholingana na umbali kati yake. Njia ya kwanza ni bora, na baada ya siku mbili jicho huzoea kuyatafuta maduara hayo. Nikiwa na shaka, hupima umbali kati ya maduara mawili kabla ya kufunga kiungo, na kipimo kikiwa sifuri naendelea.

Sasa kibano. Kifaa hiki kina miili minne tu: msingi, mpini, kiungo kifupi (hiki ni kipande kilicho kati ya mpini na taya, si kiungo cha mwendo) na taya, vikiunganishwa na pini nne katika mzunguko uliofungwa. Wengi wangekihesabu kuwa rahisi kuliko vyote, na mimi pia nilianza nacho kwa sababu hiyo. Hata hivyo ndicho kilichonifundisha mengi zaidi. Ukifunga pini zote nne kwa viungo vya kuzunguka, jinsi macho yanavyokuambia, hesabu inakuwa hivi: miili mitatu inayosogea ina njia 18, na viungo vinne vya kuzunguka vinaziba 20. Kwa hesabu hiyo kibano kina uhuru, yaani njia za kusogea zinazobaki, wa hasi mbili na hakipaswi kusogea. Lakini kibano cha kweli husogea, kwa njia moja, kwa sababu mihimili ya pini zake zote ni sambamba na vizuizi vitatu kati ya vile ishirini vinarudia kusema kile ambacho vingine vimekwisha kusema.

Kikokotozi cha Ondsel kimeundwa kuutambua urudiaji wa namna hii na kuviacha vizuizi visivyoongeza kitu, na kwa kibano kilichochorwa kwa usahihi kilifanya hivyo: niliushika mpini, nikauvuta, na taya ikashuka. Tabu ilikuja kwa faili la pili la kibano cha aina hiyohiyo kutoka kwa mtu mwingine. Pini moja ilikuwa imeinama kwa pembe ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, labda kwa sababu msanifu aliiweka kwa mkono badala ya kuifunga. Kwa pembe hiyo ndogo, vizuizi vilivyokuwa vikirudia jambo moja sasa vilikuwa vikipingana, na kibano kikakwama. Open CASCADE huzihesabu nukta mbili kuwa moja zikiwa karibu kuliko 0.0000001 ya milimita, na makosa ya binadamu ni makubwa kuliko hapo mara nyingi sana.

Suluhisho halikuwa kuirekebisha pini, kwa sababu modeli haikuwa yangu. Suluhisho lilikuwa kuchagua viungo vinavyosema kila jambo mara moja tu. Nilibakiza viungo viwili vya kuzunguka pale ambapo mpini na taya vinakutana na msingi, nikaweka kiungo cha tufe kwenye ncha moja ya kiungo kifupi na cha silinda kwenye ncha yake nyingine. Hesabu sasa ni tano na tano na tatu na nne, jumla 17, zikitolewa katika 18 inabaki moja. Kiungo cha silinda kinakizuia kiungo kifupi kisijizungushe, kile cha tufe kinakizuia kisiteleze pembeni, na upotovu mdogo wa pini hauna tena pa kugombania. Kibano kikafunguka na kufunga bila kusita. Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu nimewaona watu wenye ujuzi wakiisusa programu wakidhani kikokotozi ni dhaifu, ilhali mzunguko uliofungwa ungeweza kuwakwamisha katika programu yoyote inayofuata hesabu hiyohiyo. Ugumu wa asembli hautokani na wingi wa vipande vyake. Unatokana na mizunguko iliyofungwa.

Uthibitisho wa hilo ni mkono wa roboti. Una miili saba ukiuhesabu msingi, vipande vingi mara kumi kuliko kibano, na uzito wa faili ambao ulinipa wasiwasi. Lakini ni mnyororo usiojifunga: miili sita yenye njia 36, viungo sita vya kuzunguka vinavyoziba 30, na uhuru sita unaobaki ndiyo mihimili sita ya roboti. Hakuna kinachorudiwa, hakuna kinachopingana, na viungo vyote vilikaa ndani ya muda mfupi. Kilichochukua muda ni mawasiliano. Mtoaji wa kwanza alinitumia mkono wote ukiwa umeyeyushwa kuwa umbo moja, pengine ili kulinda siri za ndani, na umbo la namna hiyo halifai kwa mwendo. Ilinibidi niombe tena, na nilipopata faili lenye miili saba tofauti, mkono ulikuwa umekunjwa katika mkao wa kusafirishwa. Pembe ya kila kiungo ilikuwa imehesabiwa kutoka kwenye mkao huo, kwa hiyo nilifanya kazi ya ziada kuvirudisha viungo kwenye sifuri ya mtengenezaji kabla ya kuweka mipaka ya chini na ya juu ya kila mhimili. Mipaka hiyo hufanya kazi vizuri: ukiuvuta mkono kupita kiwango, unasimama.

Meza inayoteleza nitaipitia kwa haraka zaidi. Reli zake mbili humshawishi mtu kufunga viungo viwili vya kuteleza, na hiyo ni hesabu ileile ya urudiaji. Kimoja kinatosha, na reli ya pili inabaki kuwa sehemu ya msingi. Skrubu hupewa kiungo cha kuzunguka, meza hupewa cha kuteleza, kisha kiungo cha skrubu huvifunga pamoja. Kosa linalowapata wengi hapa ni namba. Programu inahitaji umbali ambao meza husafiri kwa mzunguko mmoja, nao si lazima uwe sawa na umbali kati ya uzi na uzi. Skrubu yenye nafasi ya milimita 2 na mianzo minne, yaani nyuzi nne zinazozunguka sambamba, ambayo ni ya kawaida sana kwenye mashine za kuchapisha vitu vya pande tatu, husogeza nati milimita 8 kwa kila mzunguko. Nilipoweka 8, meza ilifika mwisho wa reli pale hasa ilipotakiwa.

Udhaifu mkubwa unaonihuzunisha hauonekani siku ya kwanza. Huonekana pale mtengenezaji anapotuma faili lililorekebishwa. FreeCAD 1.0 ilileta maboresho makubwa kwa tatizo la zamani la majina ya nyuso na kingo, ambapo kubadilisha mchoro wa mwanzo kulivuruga kila kilichoshikwa juu yake, lakini maboresho hayo hufuatilia historia ya modeli, na umbo lililoletwa kwa STEP halina historia. Uso wa kumi na mbili katika faili la jana unaweza kuwa uso wa thelathini katika faili la leo, na kiungo kilichoshikwa kwenye uso huo kitaelekea pasipostahili. Kwa hiyo sishiki tena kiungo muhimu moja kwa moja kwenye uso ulioletwa. Ndani ya chombo cha kila mwili naweka mfumo wangu wa mihimili pale pini inapopita, kama walivyozoea watumiaji wa Assembly4, na kiungo nakishika hapo. Faili jipya linapofika, nabadilisha umbo lililo ndani ya chombo, nahakikisha mifumo yangu bado iko katikati ya matundu, na viungo vyote vinabaki. Kazi hii huongeza karibu theluthi ya muda wa mwanzo, na kwa kifaa ambacho najua hakitabadilika siifanyi.

Ukilinganisha na programu za kibiashara, tofauti iliyo wazi zaidi ni moja. Fusion ya Autodesk ina kiungo kinachochukua vipande jinsi vilivyo, bila kuvisogeza, na kuuliza tu mwendo uwe wa namna gani. Kwa asembli zilizoletwa kutoka nje hiyo ndiyo njia ya asili kabisa, na ningependa kuiona ikiwa kitufe cha kwanza katika benchi la FreeCAD. SolidWorks, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995, hufuata njia nyingine ya kulinganisha uso na uso, mhimili na mhimili, ambayo humpa mtumiaji udhibiti wa kina lakini humtaka afunge masharti mawili au matatu kupata kile ambacho kiungo kimoja kingempa. Kwa upande wa mantiki ya viungo, FreeCAD iko karibu zaidi na Fusion, na anayetoka huko hatahangaika kuizoea.

Orodha ya vipande na mwonekano wa vipande vilivyotanuliwa vimo ndani ya benchi na vilifanya nilichotarajia; majina niliyoyatoa mwanzoni ndiyo yaliyoonekana kwenye orodha, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoyapuuza.

Ninaipendekeza FreeCAD 1.0 kwa moyo wote kwa mtu anayepokea vifaa vya miili michache hadi kadhaa, anayetaka kujua kama vinasogea na vinagongana wapi, na aliye tayari kukaa na karatasi na kuhesabu uhuru wa kila mwili kabla ya kubofya. Kwa karakana inayopokea asembli za maelfu ya vipande kila wiki, na kuzipokea tena zikiwa zimebadilishwa, nisingeipendekeza bado, kwa sababu kazi ya kuusuka mti na kuweka mifumo ya mihimili kwa mkono ingemeza faida yote ya kutolipia leseni.

Kuna ombi moja ambalo sasa huliweka katika kila barua ninayoandika kwa anayenitumia faili. Mbali na STEP yenye miili iliyotenganishwa, naomba karatasi moja yenye safu nne: jina la kila kiungo, miili miwili inayokutana hapo, nukta na mwelekeo wa mhimili wake, na mipaka yake ya mwendo kutoka kwenye mkao wa sifuri. Mkono wa roboti niliotumiwa bila karatasi hiyo ulinichukua siku nzima. Wa pili, uliokuja nayo, niliumaliza kabla ya chakula cha mchana, na kila mhimili ulisimama kwenye pembe iliyoandikwa.